Karatasi ya Mandazi ya Mzee Kamau

Acha nianze na waliokuwepo, maana hata nisipowataja watajitaja wenyewe, na kila mmoja huisimulia aibu yangu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa jukwaani. Alikuwepo Mwalimu Njeri, anayefundisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, kwenye ukumbi wetu wa mtaa. Alikuwepo Mzee Kamau fundi viatu, kiti cha mbele, mguu juu ya mguu. Alikuwepo Bwana Wekesa, karani wa reli kutoka mtaa jirani wa Makongeni. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Odhiambo na Achieng, na nyuma yao nusu ya mtaa wetu wa Mbotela ikitafuna mandazi yangu. Nami Akinyi nilikuwa juu, nikidhani najua.

Wazazi wetu walitutoka nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nikashika karai la mandazi. Sikulia sana (nililia mara moja, nyuma ya choo, nikanawa uso nikarudi kukanda unga). Sasa, mandazi hufungwa kwa magazeti makuukuu, nami niliyanunua kwa kilo sokoni, nikajiwekea sharti kwamba hakuna ukurasa utakaofunga andazi kabla sijausoma, kwa hiyo nikajua mlima wa pili kwa urefu Afrika, na taifa la kwanza kurusha setilaiti angani, na mambo mengine ambayo hayakupunguza bei ya unga hata kidogo. Watu wakaniita Profesa, nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuitika.

Januari ya mwaka wa themanini na tatu tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi: shindano la maarifa ya jumla, zawadi atlasi, kamusi na seti ya jometri. Wiki ile ile Odhiambo alikuwa amepata barua ya kidato cha kwanza, na kila kitu kwenye orodha ya shule kilikuwa kimeshonwa au kimeazimwa isipokuwa vitu vitatu. Vitatu hivyo hivyo.

"Hivyo ni vyako," nikamwambia.

"Na ukishindwa, dada?"

"Nishindwe na nani? Watu wa Makongeni?"

Siku yenyewe nikafanya uamuzi mdogo sana. Nilikuwa nimekaanga karai zima la mandazi asubuhi, nikaona si vizuri yalale, nikaenda nayo nikayauza mlangoni mwa ukumbi, kila mteja na karatasi yake, ndipo nikapanda jukwaani mikono ikinuka mafuta.

Tulianza watu wanane, tukabaki wawili, mimi na Bwana Wekesa. Swali la mwaka ambao reli ilifika Kisumu sikuliinulia hata mkono (ungemwuliza samaki habari za maji?), na la sinema, kwamba picha ngapi hupita kwa sekunde moja, akalijibu kabla sijalielewa. Lakini la mpira wa wavu nikamshinda, na la setilaiti nikamshinda, tukafika swali la mwisho tukiwa sawa.

"Mji mkuu wa Zimbabwe ni upi?" Mwalimu Njeri akauliza.

Mkono wangu uliruka wenyewe. Ukurasa huo nilikuwa nimeusoma pale mlangoni, nikimfungia Mzee Kamau mandazi yake matatu.

"Salisbury."

"Pole, Akinyi, sivyo. Bwana Wekesa?"

Mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikasogea mbele.

"Samahani, Mwalimu, limeandikwa gazetini. Mzee Kamau, karatasi unayo wewe. Hebu wasomee."

Mzee Kamau akamaliza kwanza kutafuna, akavaa miwani, akaikunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya kanisani kwamba wageni fulani wamewasili Salisbury, mji mkuu wa Zimbabwe. Ukumbi ukanipigia makofi. Nikainama kidogo kushukuru (ndiyo, niliinama).

"Mzee," akasema Mwalimu polepole, "tusomee na tarehe."

Mzee Kamau akafuta mafuta kwa kidole gumba. "Machi, themanini na moja."

"Jina lilibadilishwa mwaka jana. Bwana Wekesa?"

"Harare."

Ingeishia hapo ningepona. Lakini kila mtu alikuwa na karatasi mkononi, na kila mtu akaikunjua.

"Yangu inasema kesho Nairobi itanyesha!"

"Ya mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

"Basi kaanue nguo, mama, umechelewa."

"Yangu inasema Kombe la Dunia bado wiki mbili."

"Nyamaza, tukawekee Italia dau kabla hawajajua."

Kisha Mzee Kamau, akilitazama andazi lake la mwisho: "Profesa, na haya nayo ni ya mwaka gani?"

Hata Achieng alicheka. Odhiambo hakucheka. Alipanda, akachukua karai, akasema, "Twende nyumbani, dada," na hilo ndilo lililoniuma.

Tulikuwa tumefika barabarani Bwana Wekesa alipotufikia, akihema, atlasi, kamusi na seti ya jometri kwapani.

"Shika, kijana."

"Hatutaki sadaka, Bwana Wekesa," nikasema.

"Nani kataja sadaka? Ni deni. Yale mengine yote uliyasoma kwenye karatasi za mandazi?"

"Yote."

Akamwekea Odhiambo vyote mikononi. "Basi siku utakayoniuliza swali nisilolijua, utakuwa umelipa."

Odhiambo sasa yuko kidato cha pili, na atlasi imeshonwa mgongo kwa uzi wa viatu, kazi ya Mzee Kamau, bure. Mimi niko ngumbaru kwa Mwalimu Njeri, kiti cha mbele. Watoto huja na kusema, "Salisbury, tupe manne," nami nawapa. Nimeapa kwamba sitabishana na mtu tena kabla sijatazama tarehe.

Na kila Jumamosi napeleka swali Makongeni. Mwaka huu, asubuhi niliposikia nchi ya Upper Volta imebadilisha jina, niliacha mandazi kwenye mafuta, nikamwachia Achieng mwiko, nikakimbia bila kungoja Jumamosi. Nilimkuta Bwana Wekesa ameegemea mlango, redio sikioni.

"Burkina Faso," akasema, kabla sijamwamkia. "Karibu chai."

Deni bado ninalo.