Jiwe la Gwakisa

Nilipokuwa mtoto, pengo la meno ya mbele bado liko wazi, nyumbani kwetu Lyulilo, kando ya ziwa, watoto hawakuhesabiwa. Mtu akimwuliza Bibi ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo," na ukimkazania alikugeuzia mgongo akaendelea kusugua chungu alichokuwa akifinyanga. Aliamini kwamba kumtajia mtu idadi ya watoto ni kumwonyesha mwizi mlango wa ghala, na mwizi mwenyewe ni kifo. Jioni kabla ya kula aliita tu, "Mpo?" Tukaitikia, "Tupo!" Sauti moja ikikosekana, alijua ni ya nani. Tulikuwa sita. Nimeandika hivyo, na mkono umesita kidogo.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza, mimi nilikuwa nimepelekwa shule ya misheni. Mwalimu alikuwa kijana Mnyakyusa wa Ngana, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Hakutufundisha kwa fimbo. Alitukalisha mchangani, kila mmoja na kokoto zake, akatuuliza fungu lipi limezidi na lipi limepungua. Tukazipanga mbili mbili mpaka ibaki iliyokosa mwenzake. Siku nilipogundua kwamba kokoto tano zilizotawanyika hazizidi tano zilizorundikwa, nilicheka peke yangu. Wenzangu bado walikuwa wanabishana. Nikajiona nina akili kuliko ufukwe mzima, na kichwa kikubwa ni mzigo, ila aliyekibeba hajui.

Kisha mwalimu akasema, "Kesho kila mmoja alete jiwe kwa kila mtoto wa kwao. Kubwa kwa mkubwa, dogo kwa mdogo. Tutayapanga na kuyalinganisha."

Niliokota sita ufukweni. La Gwakisa, kaka yetu mkubwa aliyeanza kuota ndevu, lilikuwa jeusi na lilijaa kiganja changu. Bibi alinikuta uani nikiyapanga kando ya vyungu vilivyoanikwa.

"Nani anataka kujua?"

"Mwalimu, Bibi. Ni hesabu."

"Na mwalimu anakwenda kumwambia nani?"

Boma lilikuwa linatafuta wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, na vijana wa Ngonga waliotangulia hawakuwa wamerudi. Bibi aliliinua jiwe jeusi akalitupa nyuma ya kuni.

"Hili si mtoto. Peleka hayo mengine, na akikuuliza, mwambie ndiyo yote. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia kweli. Lakini tano halikuwa jibu sahihi, na mimi sikuwa mtoto wa kukosa hesabu mbele ya watu. Asubuhi nilizunguka nyuma ya kuni nikalichukua.

Mwalimu alinisifu. Mstari wangu ulishuka vizuri kutoka jiwe kubwa hadi dogo kabisa. Akaligusa lile jeusi.

"Na huyu, anamzidi baba yako kimo?"

"Anamzidi!" nikajibu, tena kwa sauti.

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Aliandika kila siku, majina ya waliokuja na ya waliokosa, kwa hiyo wakati ule sikushtuka. Nimeshtuka baadaye, mara nyingi mno.

Haukupita mwezi, askari wakaja. Bibi alikuwa amepata fununu mapema, akamficha Gwakisa katika kibanda cha majani makavu ya kuchomea vyungu. Baba akawaambia askari kwamba hana kijana mkubwa. Kiongozi wao akatabasamu.

"Yupo mmoja, mzee. Mrefu kuliko wewe."

Wakakibomoa kibanda. Gwakisa alitoka na majani kichwani, akamwomba Mama asilie. Mama alilia. Jioni ile Bibi aligawa chakula bila kuita, na sisi tulikula tukiangalia chini.

Gwakisa hakurudi. Mwalimu naye walimchukua muda mfupi baadaye, na hilo halikumsafisha machoni pangu wala halikunisafisha mimi. Najua askari wangeweza kuambiwa na yeyote, maana Gwakisa alionekana sokoni kila mara, kichwa juu ya vichwa vya wenzake. Labda daftari lile lilikuwa na majina tu. Lakini "mrefu kuliko wewe" yalikuwa maneno yangu mimi, na mpaka leo mtu akiniuliza watoto wangu wangapi, namtazama kwanza mikono nione kama ameshika kalamu.

Nilikuwa nimeshaolewa Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Siku moja tukiwa wawili tu chumbani, nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Bibi, lile jiwe nililichukua. Nilimpelekea mwalimu."

"Najua," akasema. "Nilikwenda nyuma ya kuni siku ileile."

Nililia mpaka nikaona aibu, mwanamke mzima. Kisha nikamwuliza kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia Mama.

"Mama yako angepoteza wawili," akasema.

Akageukia ukutani. Nilimsikia Bibi akihesabu watoto mara hiyo moja tu, na katika hesabu yake mimi nilikuwa mmoja wao.