Gari Jekundu la Kiwanda cha Pamba

Zablon Ogweno aliajiriwa mwaka 1978 kuzima moto, na katika miaka yote ya kazi hiyo moto aliuzima mara nne tu. Pamba ikishika moto haina mchezo, kwa hivyo kiwanda kilichokuwa kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay kilikuwa na kikosi chake cha zimamoto: watu sita, pampu, mipira ya maji na Land Rover nyekundu. Nyuma ya Land Rover kulikuwa na machela ya kumbebea mfanyakazi akiumia.

Kubeba wagonjwa kulianza na fundi mmoja aliyemwomba Zablon, dereva wa kikosi, ampeleke mkewe hospitali. Akafuata jirani wa fundi, kisha jirani wa huyo jirani. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993, wenzake watano walirudi makwao. Zablon alikuwa ametoka Uriri akiwa kijana na kuoa hapo karibu na kiwanda, kwa hivyo alibaki. Meneja alimkabidhi funguo na kumwambia, "Angalia hii gari mpaka tutume mtu."

Hakutumwa mtu.

Hivyo ndivyo alivyogeuka kuwa dereva wa ambulensi bila kuajiriwa na yeyote. Waliomhitaji walikuja na dizeli kwenye jerikeni. Alibeba wenye malaria iliyopanda kichwani, walioumwa na nyoka, waliokatwa kwa panga, na akina mama wa kujifungua. Wengi walifika. Wengine walikata roho njiani, na hao ndio waliomchosha. Kuwarudisha nyumbani kulimlemea. Watu wa boma walisikia injini tangu mbali wakatoka mbio, wakidhani mgonjwa amepona mapema, naye akawaona kwenye kioo wakikimbilia mlango wa nyuma kabla hajapata nafasi ya kusema neno.

Mkewe, Jerusha, alikuwa akimwangalia tu anavyoingia, anavyokaa na sahani ya ugali mbele yake bila kuigusa.

"Baba Mourine," alimwambia siku moja, "wewe si daktari, wala si serikali. Rudisha hizo funguo."

"Nimrudishie nani?"

"Basi zitupe."

"Nikizitupa, hawa watu wataenda wapi?"

"Kabla yako walikuwa wanaenda wapi?"

 Zablon alijua walikuwa wanaenda wapi. Kila boma lilikuwa na makaburi.

Novemba 1997 mvua ilinyesha kama iliyosahau kuacha. Asubuhi moja Rispa, muuguzi wa zahanati, alifika kwa Zablon kwa miguu, matope hadi magotini.

"Jaduong', mzee wangu, kuna mama pale kwangu. Mkono wa mtoto ndio umetoka kwanza. Mimi hapa siwezi kitu. Anataka kupasuliwa."

Mama huyo aliitwa Phelesia, mke wa Caleb, mwashi. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Walimlaza kwenye machela, Rispa akapiga magoti kando yake, Caleb akakaa mbele na Zablon. Walikwenda polepole, gari likiteleza kama sabuni, mpaka walipofika mtoni na kukuta daraja halipo. Zilibaki nguzo mbili tu, na maji mekundu yakipita katikati yake. Wanaume kama kumi walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama.

"Turudi," Caleb alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Turudi wapi?" Rispa alimjibu kutoka nyuma.

Zablon alizima injini. Alikaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mgongo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza alitamani gari hilo lingekufa zamani. Kisha akashuka, akafungua sanduku la nyuma na kutoa mpira wa zimamoto, ule wa turubai ngumu uliokuwa umekunjwa humo tangu kiwanda kifungwe. Alifunga ncha moja kwenye bampa, nyingine kiunoni, akaingia majini.

Yalimfika kifuani. Mara mbili yalimwangusha, na mara mbili wale wanaume walimvuta akasimama tena. Alipofika ng'ambo alifunga mpira kwenye mti, akavuka tena akiushika. Hapo hakuhitaji kuomba mtu. Wanaume sita walivua viatu, wakainua machela juu ya vichwa vyao, wakaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkono mmoja kwenye mpira. Zablon na Caleb walikwenda kando ya machela, naye Rispa akafuata, mfuko wa dawa kichwani.

Katikati ya mto Phelesia aliteremsha mkono akashika ukosi wa shati la Zablon.

"Usiniachilie."

"Siachilii, nyathina, mwanangu. Angalia juu tu."

Ng'ambo hapakuwa na gari. Walimbeba karibu saa nzima, wakipokezana, mpaka wakakutana na trekta ya mkulima iliyokuwa ikivuta trela tupu. Walifika hospitalini Homa Bay saa tisa alasiri. Daktari alimpokea Phelesia mara moja na kumwingiza chumba cha upasuaji.

Zablon alikaa kwenye benchi la veranda, nguo zikimkaukia mwilini. Mfagiaji alimwambia ainue miguu, akainua. Rispa alipotoka alikuja akakaa kando yake.

"Mama yuko salama," alisema. "Mtoto tumemkosa."

Zablon alitikisa kichwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kuliomba nguvu asizokuwa nazo.

Januari, Phelesia na Caleb walikuja kwake na kuku na kilo mbili za sukari. Jerusha aliwapikia chai. Waliongea habari za mahindi yaliyooza shambani na daraja lililokuwa bado halijajengwa. Chai ilipokwisha Phelesia aliuliza, macho yakiwa chini, "Jaduong', pale mtoni, mtoto alikuwa bado mzima?"

Caleb alimgusa mkewe bega, lakini yeye alisubiri.

Zablon angeweza kusema neno la kufariji. Alilitafuta, asilione.

"Sijui, mama. Hiyo sijui."

Phelesia aliitika kwa kichwa. "Wengine wote wananiambia wanajua," alisema. Akakaa kwa muda mrefu zaidi, na alipoaga alimshika Jerusha mikono yote miwili.

Baada ya siku hiyo Jerusha hakuzungumza tena habari za funguo. Wakati mwingine, jerikeni ilipogongwa mlangoni, yeye ndiye aliyetangulia kuinuka kitini.

Land Rover ilivunjika giaboksi mwaka 1999, na spea haikupatikana Migori wala Kisii. Zablon aliisukuma hadi chini ya banda la kiwanda akaifunika kwa magunia. Wiki iliyofuata watu wa boma la Momanyi walimletea mzee wao juu ya kitanda cha kamba, wakiwa wanne, wanahema.

"Gari imekufa," aliwaambia.

Walimtazama. Hawakuondoka, wala hawakulalamika; walisimama tu, kitanda kikiwa mabegani. Zablon alikwenda kwa yule aliyeonekana kuchoka kuliko wenzake, akamwambia asogee, akaingiza bega lake chini ya kitanda.