Kwaya Iliyopima Tope

Tangu tumzike mume wangu, watu wanaokuja kunipa pole wananiambia alikuwa mtu mvumilivu. Nawashukuru, wanakusudia mema, lakini Mungu anajua na mimi najua kwamba hakuwa mvumilivu hata kidogo. Chai ikichelewa alikuwa anakwenda jikoni kuitazama, kana kwamba maji yatamwonea haya yachemke. Alichokuwa nacho ni ubishi. Akishika jambo haliachi mpaka jambo lenyewe lichoke. Juzi nilipowaambia hivyo watoto wetu, walicheka, wakasema, "Mama, simulia ile ya mashine." Basi naisimulia, kwa sababu kumsimulia kunanisaidia kuliko kumlilia, na kulia nimelia.

Kazi yake ilikuwa kukata nyasi katika nyumba ya wazee, mtaa wa pili kutoka kwetu. Wazee walimpachika jina la Kinyozi, likamganda, hata mchungaji alimwita hivyo kanisani. Mara mbili tatu wageni walibisha hodi kwetu wakiwa na watoto wa kunyolewa, naye hakuwafukuza. Aliwanyoa vibaya, bila malipo.

Uwanja wa ile nyumba unaanzia barazani, mkavu na tambarare, halafu unateremka taratibu mpaka bondeni kwenye chemchemi. Huko juu ungeweza kupitisha lori. Huko chini, hata jua likiwaka wiki nzima, ukikanyaga unasikia ardhi inakunyonya kiatu. Nako huko chini ndiko wazee wanakopenda, maana wakiketi barazani macho yao yanatua hapo, na nyasi zikirefuka hawaoni chochote.

Miaka yote aliukata uwanja mzima kwa mashine ya kusukuma kwa mikono. Kisha goti lake la kulia likaanza maneno. Jioni alirudi akiuburuta mguu kama mzigo wa mtu mwingine, nikimuuliza anasema ni viatu. Nikanunua viatu. Akasema ni soksi.

Matroni wa nyumba ile, mama mwenye sauti ndogo ambaye sijawahi kuona mtu akimkatalia, aliona mwenyewe kutoka dirishani. Akamwita ofisini. Wafadhili wamekubali kutoa mashine ya kukalia, akamwambia, ile unayoipanda na kuiendesha kama gari dogo, visu vikiwa chini ya tumbo lake. Achague mwenyewe. Ila lazima iwe inafika bondeni bila kukwama. Ikikwama itarudishwa dukani, bonde litaachwa liote matete, na yeye atahamia getini kufungulia magari. Kazi ya kukaa, isiyoumiza goti, na mshahara uleule.

Alirudi nyumbani kama aliyetoka kufiwa.

"Getini, mama watoto," akaniambia. "Nikae kwenye kiti nisubiri honi."

"Kuna kivuli pale."

"Kivuli cha nini? Mimi ni maiti?"

Huyu ni mtu ambaye Jumapili, wakati wa sala ya kimya, alikuwa anatazama nje ya dirisha la kanisa nyasi za jirani. Hata leo nikimwombea huwa namkumbusha Mungu kwamba huyu asipangiwe kazi ya mlangoni.

Tulikwenda dukani pamoja. Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa, na mashine zimepangwa juu yake kama maharusi. Mume wangu alimpenda mmoja papo hapo. Ilikuwa mashine kubwa, pana, haina usukani bali fimbo mbili, na ukivuta moja na kusukuma nyingine inageuka palepale iliposimama. Alikaa juu yake akazivuta zile fimbo, mashine ikiwa imezimwa, akitoa sauti ya injini kwa mdomo. Nilijifanya nimekuja na mtu mwingine.

Pembeni kulikuwa na nyingine, fupi, nyepesi, yenye usukani wa kawaida na matairi manene yaliyojaa kama maandazi.

"Na hii?" nikauliza.

"Hiyo ni ya kuchezea watoto," akasema, hata hakuitazama.

Muuzaji, bwana mmoja mstaarabu mwenye tai, hakutudanganya. "Mzee, sisi hapa tunajua sakafu. Mambo ya tope unayajua wewe." Mume wangu akaomba akopeshwe ile kubwa siku moja aijaribu bondeni. Bwana akasikitika. Mashine ikishakanyaga tope si mpya tena, akasema, nani ataikubali? Wakampa karatasi zenye picha na uzito wa kila mashine, tukarudi.

Jioni ile nilikuwa naosha vyombo huku nikifanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili. Mimi ni sauti ya pili, na nikiimba huwa nayumba kidogo, kulia na kushoto, kwaya yetu yote inayumba hivyo. Nikahisi mtu ananitazama. Nikageuka, yuko mlangoni na karatasi zake.

"Una kilo ngapi wewe?"

Katika ndoa yetu yote alikuwa hajaniuliza swali hilo. "Sabini," nikasema.

Akanitazama kama anayetazama injini. "Kaka yako mwalimu wa kwaya je?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limeshamshika.

Siku ya pili alirudi dukani, akalala kifudifudi kwenye vile vigae na futi ya fundi cherehani, akapima mahali kila tairi linapogusa sakafu. Muuzaji alimuuliza amepoteza nini. Akasema, "Bado sijapoteza." Nyumbani akakata mbao, nne za mashine kubwa na nne za mashine nyepesi, kila ubao ukubwa wa unyayo wa tairi lake. Mbao za ile nyepesi zilikuwa pana zaidi, kwa sababu ya yale matairi ya maandazi. Kisha akafanya hesabu: mashine kubwa, pamoja na yeye juu yake, ni waimbaji sita. Ile nyepesi ni wanne.

Jumamosi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, kwaya ilijipanga bondeni. Kaka yangu alikuwa amewaambia ni huduma kwa wazee, na hakuwa amesema uongo, maana wazee wote walikuwa wameshaketi barazani na blanketi zao, wanasubiri kama watu waliokata tiketi. Waimbaji wembamba walipewa mifuko ya mchanga waikumbatie ili wafikie uzito. Mimi sikupewa.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe uko sawa," akasema mume wangu bila kuinua macho, na kwaya nzima ikajua kwamba si sabini.

Tukaanza na mashine kubwa. Uzito wake mwingi uko nyuma, kwa hiyo wawili tulisimama kwenye kila ubao wa nyuma tukiwa tumekumbatiana tusianguke, na mmoja mmoja mbele. Mimi nilikumbatiana na mke wa mchungaji. Tukasubiri. Tope likapanda pembeni mwa mbao polepole.

"Msitikisike," akaamuru mume wangu.

"Shemeji, hawa ni wanakwaya," akasema kaka yangu. "Ukiwasimamisha pamoja watayumba tu."

Mume wangu akafikiri, akakuna kidevu. "Mashine nayo inatikisika," akasema. "Basi imbeni."

Tukaimba. Na tulipoimba tukayumba, na tulipoyumba tukazama. Ubeti wa kwanza, tope likafika juu ya mbao. Ubeti wa pili, likaingia kwenye viatu. Kule barazani bibi mmoja mwenye mkongojo akawa anatangaza kama redio: "Sauti ya pili inakwenda. Huyo mke wa Kinyozi anakwenda. Besi wamebaki." Mzee wa pembeni yake akaomba tusiache, wimbo ulikuwa mzuri.

"Sasa geukeni," akasema mume wangu. "Palepale, kama zile fimbo."

Tukajisokota juu ya mbao. Nyasi zikachunika chini yetu kama ganda la kiazi kilichochemshwa, mizizi na yote, na tukaacha matundu manne meusi yaliyoanza kujaa maji.

Mume wangu aliyatazama yale matundu. Wengine walikuwa wanacheka, mke wa mchungaji anatafuta kiatu chake, lakini mimi nilimwona uso. Ilikuwa mashine yake. Alikuwa ameshawasimulia wote mtaani juu ya zile fimbo.

"Labda hapa ni pabaya zaidi," akasema. "Sogeeni kule."

Tukasogea kule, tukazama kule. Akatuhamisha tena.

"Shemeji," kaka yangu akasema hatimaye, "unatutafutia sehemu ya kuzikwa?"

Basi akaleta mbao za mashine nyepesi, kwa mkono mmoja, kama mtu anayeleta sahani asiyotaka kula. Wanne tukapanda, mmoja kila ubao, mimi nikiwa nyuma. Tukaimba wimbo wote. Mbao zikalala juu ya nyasi. Tulipohama, nyasi zilikuwa zimelala tu, hazikuvunjika. Akatupeleka chini kidogo, zikashika. Chini zaidi, zikashika. Kisha akampa kila wa nyuma mfuko wa mchanga mikononi.

"Hii ni nini tena?"

"Kile kisanduku cha nyuma cha kukusanyia nyasi. Zikiwa mbichi zinakuwa nzito."

Na mfuko ulipoongezeka tukaanza kwenda chini. Akauondoa, tukasimama. Hapo nikaona ameanza kuipenda ile mashine ya maandazi, bila kutaka, maana aliinama, goti lake na vyote, akapitisha kiganja juu ya nyasi tulizozikanyaga.

Ilibaki kipande cha mwisho kandokando ya chemchemi, chenye upana wa chumba kimoja. Hapo nilizama peke yangu, bila mfuko, mpaka juu ya kifundo, na wakanitoa wanaume wawili. Barazani walipiga makofi.

Usiku ule hakulala vizuri. Mashine imepatikana, lakini Matroni alikuwa amesema mpaka bondeni, na bondeni kabisa haifiki. Nilimwambia mambo mawili: amweleze ukweli, na tuombe. Tuliomba. Nadhani alikuwa anamweleza Mungu habari za matairi, maana sala yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Jumatatu niliongozana naye mpaka ofisini, kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa bado kule vinakaushwa. Chumba kidogo, meza yenye chupa ya chai, dirisha linalotazama uwanja wote. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Matroni, ni ile nyepesi. Tutaondoa kisanduku cha nyuma. Nyasi nitazikata mara kwa mara, kidogo kidogo, zikiwa fupi nitaziacha palepale zioze. Matairi nitayapunguza upepo. Na sitageuka ghafla."

"Na ile ya fimbo mbili?"

"Ile si ya hapa."

"Hii itafika mpaka chini?"

Nikamwona anazungusha kofia. Angeweza kusema ndiyo. Mashine ingekuja, na kipande kile angekikwepa mpaka siku watakapomgundua.

"Haitafika, Matroni. Pale kandokando ya chemchemi haitafika mashine yoyote. Hata mke wangu alizama."

Matroni alinitazama, akatazama dirishani, akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Niliwaona," akasema. "Nyumba nzima iliwaona. Bibi mwenye mkongojo hakuwa amekaa barazani tangu mwaka jana, na Jumamosi alikaa mpaka saa sita." Akajifuta macho. "Nani atakikata hicho kipande?"

"Hakuna. Kiacheni kiwe cha matete. Wazee wakiwa wameketi wataona mpaka yanapoanzia."

"Kwa hiyo bonde ni mpaka pale mashine inapofika," akasema Matroni, "na geti nitalitafutia mtu."

Mume wangu alisema asante mara tatu, akavaa kofia akiwa bado ndani, akaivua, akatoka. Nje aliniambia kwamba mashine nyepesi ukiitazama vizuri si ya watoto.

Ilipofika, aliipanda mvua ikiwa imekatika asubuhi ileile. Alizunguka sehemu ya juu, akazunguka tena, akarudia mara ya tatu mahali ambapo hapakuwa na unyasi uliobaki. Wazee wakaanza kunung'unika. Bibi mwenye mkongojo akauliza kwa sauti kama huko chini kunahitaji viza. Nilikuwa barazani, nimefumba mikono ndani ya kanga, midomo inasali yenyewe.

Kisha akateremka. Alikwenda taratibu kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, akigeuka kwa mapana, kila mzunguko ukiwa chini kidogo ya uliotangulia. Alipofika kwenye ukingo wa kile kipande alisimama, akashuka huku injini inanguruma, akageuka kutazama alikotoka. Michirizi miwili ya nyasi zilizolala, na za mwanzo zilikuwa zimeshaanza kuinuka.

Halafu akapanda tena kwenye kiti chake, kwa sababu upande wa pili wa bonde ulikuwa bado haujanyolewa.