Shanta Lisilokatika Uzi

Kulikuwa na ndoano moja ya chuma kwenye boriti ya chumba cha Bi Turubai, na ndoano hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu. Kila shanta la mgongoni alilomaliza kushona alilijaza mawe mpaka likavimba, akalitundika kwa mkanda mmoja, akaenda zake kulala. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alivaa miwani, akapanda kigoda, akapitisha kidole kwenye mishono yote. Uzi ukiwa umelegea hata kidogo, alilifumua lote akaanza upya. Ukiwa haujalegea, alilipiga kofi kama anayesukuma ng'ombe aingie zizini, akaliambia, "Haya, nenda."

Hakuna mtu aliyewahi kumrudishia shanta limekatika. Hilo aliwaambia wateja, aliwaambia majirani, na siku wateja wakikosekana alimwambia paka.

Jina hilo la Bi Turubai alipewa na wawindaji, na alilipokea kama mtu anayepokea haki yake. Alijifunza kazi akiwa msichana, kwenye karakana ya mahema, wanaume wakimcheka kwamba shazia litamtoboa yeye kabla halijatoboa kitambaa. Karakana ikafungwa, waliomcheka wakatawanyika, yeye akabaki na cherehani. Mumewe alikuwa mwindaji, mtu mfupi mnene, mabega kama mlango wa ghala. Ndiye aliyebeba shanta lake la kwanza: turubai nzito iliyopakwa nta, mikanda miwili ya ngozi, bizimu za shaba, basi. Alilibeba mpaka uzee ulipomrudisha nyumbani, na alikufa kitandani mabega yakiwa yamenyooka. Baada ya hapo nani tena angekuja kumfundisha Bi Turubai habari ya mabegi?

Binti yake wa pekee naye akaolewa na mwindaji. Lakini mkwe huyo aliumbwa kwa udongo mwingine: mrefu, na urefu wenyewe wote uko mgongoni, mabega yameteremka kama ya chupa. Mpole mno. Mama mkwe akimuuliza neno, alilijibu akiitazama sakafu. Porini alikuwa mtu mwingine. Wenzake walisema mkono wake wa kulia ukishainua bunduki, mnyama aage watoto. Alikuwa na kibali, akiingia misitu ya milimani siku nyingi mfululizo, na nyama aliyotoka nayo mgongoni ndiyo iliyolisha nyumba yake. Ilimlisha na Bi Turubai pia, ila hilo yeye hakupenda litajwe mbele za watu.

Ikafika siku shanta la zamani la mkwe likaoza kitako. Mkewe akamshauri waende kwenye duka la mabegi barabarani, kwa bwana mmoja wa makamo waliyemwita Zipu, kwa sababu kila alichouza kilikuwa na zipu isipokuwa mdomo wake. Bi Turubai hakualikwa. Alisikia tu, akajifunga kitambaa kichwani, akafuata.

Zipu hakuanza na mabegi. Alimgeuza mkwe, akamwinamisha kichwa, akatafuta ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, akashusha utepe wa kupimia mpaka juu ya nyonga.

"Unamshonea suti?" Bi Turubai akauliza.

"Napima mgongo, mama. Begi hununuliwa kwa mgongo, halinunuliwi kwa urefu wa mtu. Bwana huyu mgongo wake mrefu. Ukimpa begi fupi, mzigo wote utamning'inia mabegani."

"Na ulimi wako wewe umeshaupima?"

Wateja wakacheka. Zipu naye akacheka, maana alikuwa muuzaji. Akatoa begi la rangi ya samawati, akalitia vifuko vya mchanga, akamvika mkwe, akamfunga mkanda mpana wenye sponji kiunoni. "Kaza hapa kwanza. Mabega yawe ya mwisho. Sasa tembea."

Mkwe akazunguka duka. Akapita kwenye masanduku, akapita kwenye viatu, akarudi. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Unaonaje?" mkewe akamuuliza.

"Kama kuna mtu amenishika kiuno ananisaidia kubeba."

"Mkanda wa kiunoni!" Bi Turubai akapiga mikono pamoja. "Mwanamume mzima anafungwa tumbo kama mzazi aliyejifungua jana. Na rangi hii! Mnyama akikuona si atakupungia? Hii zipu nayo ikila mchanga huko porini, utafungua kwa meno?"

"Kuhusu zipu sibishani nawe, mama," Zipu akasema. "Zipu huharibika. Lakini uzito—"

"Uzito ni wa kubebwa. Mume wangu alibeba." Akamgeukia mkwe. "Vua hilo, mwanangu. Nitakushonea mwenyewe."

Mwanamume mpole anaweza kumkatalia mkewe, anaweza kumkatalia rafiki. Cha mama mkwe utakikataaje? Mkwe akafungua bizimu ya kiunoni, akaliteremsha begi taratibu, akaliweka chini kama anayelaza mtoto.

"Nashukuru, mama," akaiambia sakafu.

Bi Turubai alishona kama hajawahi kushona. Alichagua turubai isiyo na doa, akaipaka nta mara mbili. Kipimo alikuwa nacho kichwani, kile kile cha marehemu, kilichomfaa kila mwindaji aliyekuja mlangoni. Mikanda ya mabega aliikata ngozi nyembamba, akaikunja, akaishona mistari minne, ikawa migumu kama hatamu. Binti yake alikuja akasimama nyuma yake.

"Mama, ungemwekea basi na mkanda wa kiuno. Hata mwembamba."

"Baba yako alikuwa nao?"

"Baba alikuwa baba."

"Basi nipishe mwanga."

Ndoano ikalipokea shanta. Asubuhi hakuna uzi uliolegea. Bi Turubai akalipiga kofi, akalipeleka mwenyewe kwa mkwe, akamvika mbele ya mkewe. Lilimkaa juu juu, kitako chake kimeishia mbali na nyonga, likimvuta mabega nyuma. Mkwe akaingiza vidole gumba chini ya mikanda, akaisogeza kidogo, akasema limependeza.

Yaliyotokea huko milimani aliyasimulia Mluzi, mwindaji mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kupiga mluzi njia nzima wakirudi. Safari hiyo alisema hakupiga.

Walikuwa watatu. Walimfuata kulungu dume mpaka nyuma ya mgongo wa pili wa mlima, mkwe akamwangusha kwa risasi moja. Wakachinja, wakagawana nyama, kila mtu na fungu lake mgongoni. Ndipo mvua ikaanguka. Turubai ikanywa maji pamoja na nta yake yote, shanta likawa kama limebeba na mto. Siku ya kwanza ya kurudi mkwe alisema vidole vinamchonyota. Siku ya pili alisema havichonyoti tena, akacheka, akafikiri ni nafuu.

"Nikamwambia tubadilishane," Mluzi akasema. "Nikamwambia, chukua langu lina mkanda, hilo nipe mimi mwenye mabega ya punda. Akakataa. Akaniambia, nikiingia mjini na begi la mtu mwingine, mama atasemaje? Nikamwambia mama hayupo hapa. Akasema, yupo, amenikalia mgongoni."

Alifika nyumbani, akateremsha shanta, akaketi. Mkewe akampa chai. Akaipokea kwa mkono wa kushoto. Mkewe akadhani ni uchovu, akamletea sahani, akaona tena mkono wa kushoto.

"Huo mwingine una nini?"

"Hauumi," akasema. "Hauumi hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha."

Akajaribu kuuinua. Ukafika usawa wa meza, ukatetemeka, ukarudi chini. Akaunyanyua kwa mkono wa kushoto, akauweka mezani, ukakaa hapo kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa.

Hospitalini, daktari alimvua shati. Mfupa bapa wa nyuma ya bega ulikuwa umetokeza kama mlango usiofungika. Akasema mikanda imekandamiza mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega. Akasema wengine hupona baada ya miezi mingi, wengine hawaponi, na kwa huyu hakuna wa kusema ila wakati. Mzigo mabegani asibebe tena. Kuhusu bunduki, hakuhitaji kusema. Mkwe alikuwa ameshajaribu mlangoni kwake na fimbo ya ufagio.

Bi Turubai alikuja na maneno yake tayari. Akalaumu mvua. Akamlaumu kulungu kwa kuwa mkubwa. Akamlaumu Mluzi kwa kupanga nyama vibaya, na daktari kwa kuwa mdogo. Akaligeuza shanta ndani nje, akalivuta mikanda, akapitisha kidole kwenye kila mshono.

"Tazameni! Tazameni wenyewe! Hakuna hata uzi mmoja uliokatika!"

Binti yake alikuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati. Hakugeuka.

"Ni kweli, mama. Begi lako halikukatika. Kimekatika kilicholibeba."

Mkwe akasema, "Usimwambie hivyo mama," na hilo ndilo lililomchoma Bi Turubai kuliko yote. Angetukanwa angejua la kujibu. Akachukua kitambaa chake, akatoka bila kuaga.

Alikaa kwake siku kadhaa, mlango nusu wazi, cherehani imefunikwa. Mteja akija alimwambia uzi umekwisha. Halafu asubuhi moja akajifunga kitambaa, akaenda mpaka duka la Zipu, akasimama katikati.

"Nipime," akasema.

Zipu alikuwa amekwisha kusikia. Mji huo habari haikai na mtu. Hakutania. Akagusa mfupa wa shingo yake, akashusha utepe, akachagua begi dogo, akalitia vifuko viwili vya mchanga. Akamvika bila kumfunga kiuno. Mikanda ikamwingia kwenye mifupa ya mitulinga, shingo ikakaza, pumzi ikafupika. Hapo ni vifuko viwili tu, na sakafu tambarare, na jua nje.

Kisha Zipu akamfunga mkanda wa kiuno, akaukaza, akalegeza ya mabega.

Uzito ukateremka. Bi Turubai aliusikia ukiondoka mabegani, ukapita mgongoni, ukakaa juu ya nyonga zake za kizee, palepale alipowabebea wanawe, waliopona na wasiopona. Akazunguka duka. Akapita kwenye masanduku, akapita kwenye viatu. Aliporudi macho yake yalikuwa yamejaa, akayakodoa ili yasimwage machozi.

"Unaonaje, mama?"

"Mshono wako mbovu," akasema.

"Ni kweli, mama. Ni wa kiwandani. Na uzito?"

Alisimama akiupapasa ule mkanda kwa vidole, upana wake, sponji yake, mahali ulipoungwa na begi, akausoma wote kwa kuwa huo ndio usomaji aliouweza. Kisha akavua, akaenda.

Usiku huo ndoano haikutundikwa kitu. Kesho yake alikwenda kwa mkwe na kamba ya kupimia, akamwambia ageuke. Mkwe akaona haya, mama mkwe kumgusa mgongo; akageuka. Bi Turubai akapanda kigoda, akatafuta mfupa wa shingo. Kidole kilipoteremka kikapita juu ya ule mlango usiofungika, kikasimama hapo kidogo.

"Mama, la nini tena?" mkwe akauliza. "Mkono wenyewe ndio huu."

"Simama wima. Unanipotezea kipimo."

Alilifumua shanta lote. Akaliunga likawa refu, akalitia vijiti viwili vya mbao nyepesi mgongoni, akalishonea mkanda mpana wa kiuno uliojazwa pamba ya godoro lake mwenyewe. Lilimkaa mkwe kama ngozi yake. Kila mtu alilisifu, hata Zipu.

Bunduki ikaenda kwa Mluzi. Msimu ukapita, ukaja mwingine, na mkono haujavuka usawa wa meza. Siku hizi mkwe hubeba vitunguu vya watu kutoka stendi mpaka sokoni; mzigo unakaa nyongani, na kazi ya namna hiyo haihitaji mkono wa kulia. Njia yake inapita dirishani kwa Bi Turubai. Akifika hapo huinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama," na yeye huitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Akishapita, humtazama mgongo. Shanta halichezi. Limemkaa sawasawa kabisa.

Na mwindaji akija mlangoni kuagiza, kabla hajataja hata salamu, Bi Turubai humwambia, "Geuka nikuone."