Marahaba, Mheshimiwa

Taka-taka, taka-taka. Ndivyo ilivyolia madigadi ya nyuma ya baiskeli ya baba, iliyolegea, ikafungwa kwa waya, na bado ikakataa kunyamaza. Mpaka leo naisikia. Ilianzia mbali, kule chini kwenye korongo, ikapotelea majanini, kisha ikarudi karibu zaidi. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitambua. Aliacha kupepeta, akainua uso.

"Mwanangu huyo. Bandikeni maji ya kuoga."

Baba alikuwa bwana shamba. Ofisi yake ilikuwa Korogwe, na mama aliishi huko na wadogo zangu kwenye nyumba za serikali. Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, ndani huko Handeni, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabara ya Kabuku. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Baba alikuwa amewahi kufanya kazi milimani, Mpale, wakati wa Waingereza, akitumwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta wasiyoyataka. Akina mama wa kule walikuwa wakimwona wanaingiza watoto ndani. Alituambia kwamba siku bendera ilipobadilishwa aliapa moyoni hatamlazimisha mtu tena juu ya ardhi yake.

Na kweli, kwetu hakumlazimisha mtu. Alikuwa na desturi moja: hazungumzi habari za kilimo kabla hajalima ngwe. Ngwe ni kile kipande kinachopimwa, kazi ya mtu mmoja ya asubuhi. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mstarini na wenyeji wake. Akimaliza ndipo anachukua udongo kiganjani na kusema, hapa pamba itakubali, pale acheni mtama. Mzee jirani yetu alikuwa hamwachi.

"Bwana Shamba, ngwe yako imepinda kama mkia wa mbwa!"

"Nitainyosha mwakani, mzee."

"Mwakani? Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Mbwa naye alisema hivyohivyo!"

Tulicheka mpaka majembe yakalala chini.

Basi chama kilipotafuta wagombea ubunge, watu wenyewe walimsukuma. Aliacha kazi ya serikali, akagombea, akapewa alama ya jembe. Mzee jirani alisema hakuna haja ya kampeni, nani asiyejua jembe ni la nani? Alishinda. Bibi alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, siku mbili akawa ananong'ona.

Mimi nilikuwa msichana wa ndoto. Niliishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa nimeshafika mbali sana. Niliona trekta likipanda kilima chetu nami nimekaa juu, na bomba la maji mlangoni kwa bibi. Kila habari ikipita kwangu hutoka imevaa nguo mpya. Bibi alizoea kusema, "Huyu mtume kwenye msiba, atakurudishia harusi." Sikuwa mwongo, jamani. Nilikuwa tu sipendi kuona mtu amenuna.

Miaka ikaenda. Ikaja amri ya vijiji: watu watoke mashambani walikotawanyika, wakae pamoja barabarani, ili shule, zahanati na maji viwafikie. Mimi niliifurahia. Nilishaanza kuchagua nyumba yetu itazame wapi. Lakini majirani wakawa wanatazama nyumba moja tu.

"Tutamwona mama wa mbunge," mzee jirani alisema. "Akihama, tutahama. Asipohama, gari liende zake."

Baba akaja, safari hii kwa Landrova. Alikaa kwenye kigoda jikoni, magoti karibu yaguse kidevu. Nilikuwa nachambua mboga ya mchunga pembeni.

"Mama, nimekuja kukuomba."

"Naambiwa. Huko barabarani wanakotupeleka, ulishalima ngwe?"

"Sijalima."

"Udongo wake unaujua?"

Baba alichokonoa majivu kwa kijiti. Alikuwa anaujua. Sote tulikuwa tunaujua, maana zamani yeye mwenyewe aliwaambia watu waliotaka kufungua mashamba kule kwamba ni kichanga, mvua ikipita haiachi kitu.

"Ungekuwa bado bwana shamba," bibi aliuliza, kwa upole kabisa, "ungeniambia nikalime kule?"

"Nisingekwambia, mama."

Kuni zilipasuka motoni. Bibi alizisogeza, akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Nitahama. Sitaki waseme umeshindwa na mama yako. Nimekusikia, Mheshimiwa."

Nilidhani anatania. Nilicheka hata. Baba hakucheka.

Lori lilipokuja, bibi alipanda wa kwanza, na nyuma yake wakapanda wote. Mapaa ya nyumba zetu yalishushwa siku ileile ili mtu asije akarudi. Sikuyatazama, nilimweleza bibi njia nzima jinsi bomba litakavyokuwa. Aliniitikia kila neno, nami nikaona ninamsaidia.

Mvua ya kwanza ilinyesha ikazama. Ya pili haikuja. Mahindi yalifika magotini, yakakunja majani kama mtu anayejifunika shuka. Tukaanza kupanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada. Hakuna aliyemtukana bibi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akifika kwenye foleni walimpisha mbele, naye alikataa, akasimama mwisho.

Baba alikuja mara nyingi mwaka ule. Alileta gunia la unga kwa pesa yake, bibi akaligawa lote kwa majirani, huku akisema kwa heshima, "Mheshimiwa katuletea." Siku moja baba alivua viatu, akaingia kwenye shamba la kijiji, akaomba ngwe. Wakampa. Alilima peke yake, jasho likimchuruzika, ngwe ikawa imepinda vibaya, kwa kuwa mikono ilikuwa imesahau. Mzee jirani alikuja kuikagua. Nilingoja. Nilikuwa tayari nimeshaanza kutabasamu.

"Imenyooka, Mheshimiwa," alisema. "Ahsante kwa kutukumbuka."

Baba aliokota viatu vyake akavishika mkononi mpaka garini.

Uchaguzi uliofuata alishindwa. Alikuja kutuambia mwenyewe, kwa basi mpaka Kabuku, halafu kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Mama, mimi si mheshimiwa tena."

"Nimesikia. Pole."

Bibi akamletea maji ya kunywa kwenye bilauri ya wageni. Baadaye baba alinikuta nyuma ya nyumba nikianika nguo. Akashika kamba kana kwamba ananisaidia. "Mwanangu," akaniambia, "ubunge sikuulilia. Lakini bibi yako aniite mwanangu mara moja tu, hata kwa kunifokea. Nitatulia."

Nikamwambia atakuita, baba, wala usiwe na shaka. Nilimwambia hivyo kila alipokuja, miaka miwili.

Bibi alianza kukohoa kipindi cha baridi. Kifua kilipombana nilimpa utingo wa basi ujumbe aupeleke Korogwe. Alfajiri ya mwisho nilikuwa nimempakata. Sisi wawili tu. Macho alikuwa ameyafumba, nikadhani amelala.

"Mwanangu keshakula?" akauliza.

"Nani, bibi?"

"Baba yako. Njia ni ndefu. Mwanangu akija usimwache na njaa."

Hakusema tena.

Baba alifika na basi la asubuhi, wanaume wakiwa tayari wanamngoja wakazike. Aliingia kumtazama, akatoka, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Alisema neno?"

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, bila kuongeza hata chumvi, nikijitahidi lisipotee neno.

"Alisema mwanangu?"

"Alisema, baba. Mara mbili."

Alinitazama muda mrefu. Niliona uso wake ukitaka kuamini. Kisha akaweka kiganja kichwani kwangu, kama anavyowekewa mtoto mdogo.

"Una moyo mzuri, mama," akasema. "Tangu utotoni hupendi kuona mtu analia."

"Baba, wallahi."

"Najua. Najua. Ahsante."

Akainuka kwenda kumbeba mama yake.

Jeneza likaondoka na wanaume, sisi wanawake tukabaki mkekani. Kwetu nyumba ya msiba haipiki. Majirani ndio hupika na kuleta. Mimi niliondoka mkekani taratibu, nikaingia jikoni kwa bibi, nikarudisha mlango. Nikapuliza makaa mpaka yakashika. Nikasonga ugali mdogo, wa mtu mmoja, nikaupakua kwenye sahani, nikaufunika kwa ungo, nikauweka pale kwenye kizingiti alipokuwa amekaa baba.