Chakula Chepesi

Mngemwona jirani yetu wa Ukunda akikata karoti, mngesahau shida zenu. Alizichana nyembamba kama miyaa ya mkeka, na ganda la tangawizi alilikwangua kwa ncha ya kijiko ili nyama yake isipotee. Uani sote tulimwita Shefu, ingawa hoteli ya Diani alikokuwa akipika ilikuwa imefungwa tangu watalii walipokimbia zile ghasia za mwaka wa tisini na saba. Kila Ijumaa, ambayo hotelini ilikuwa siku ya vyakula vya Kichina, alipika vilevile nyumbani: kabichi iliyopitishwa motoni tu, uduvi wa Majoreni, na wali wa kikombe kimoja uliopinduliwa katikati ya sahani. Kisha aliufuta ukingo wa kila sahani kwa kitambaa cheupe na kuita kwa upole, "Mezani," japo yeye, mkewe na binti yao walikaa mkekani.

Ijumaa moja mkewe alimwambia, "Baba Gillian, leo ungeniacha nisonge ugali."

"Hiki ni chakula chepesi, mama. Wageni walikuwa wakikisifu."

Binti yao alikuwa amekwisha kula, anaokota punje kwa kidole. "Baba, wale wazungu walikuwa wakishiba?"

Shefu alikitazama kitambaa mkononi. "Wale, mwanangu, walikuwa hawaji mezani na njaa."

Akamsogezea sahani yake mwenyewe. Kisha akaichukua ile tupu ya mtoto, akaufuta ukingo wake taratibu, mzunguko mzima, kama kwamba kuna mtu anayeisubiri.