Chuma cha Mvua

Juzi mvua ilinikuta juu ya paa. Siku hizi ninakaa kwa binti yangu hapa Ruiru, upande wa Kamakis, katika nyumba ya ghorofa, na wapangaji wote huanika nguo zao kwenye kamba zilizofungwa huko juu. Nilikuwa nimepanda kuota jua. Matone ya kwanza yalipoanguka, mama mmoja alikuja mbio, akaanua nguo zake, akaziacha za jirani zikining'inia palepale, akashuka. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu nilimzuia mlangoni.

"Na hizi shuka za mtoto mchanga, je?"

"Hizo si zangu, cucu," akanijibu, akiniita nyanya kwa heshima, akapita.

Nilizianua mwenyewe na magoti haya mabovu. Nilipokuwa nikizikunja, mikono yangu ilikumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelilaza kwa miaka mingi. Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu, nami nimemwonya asiyapambe.

Wewe unayepita hapa ukifuata nyama choma, ujue kwamba unakanyaga kahawa. Kutoka barabarani hadi mtoni ilikuwa mibuni mitupu, iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka kama nywele zilizosukwa. Mzungu mwenye shamba alipoondoka, wale waliokuwa wakimchumia walichanga katika chama wakalinunua. Akina mama waliuza kuku, wazee wakauza ng'ombe, nasi watoto tulikula githeri, yaani mahindi na maharagwe, isiyo na chumvi bila kunung'unika, kwa maana tuliambiwa kwamba chumvi imeingia katika shamba. Walikuwepo Wakikuyu, Wakamba na Waluhya, na kwa sababu hiyo lugha yetu ya kazi ikawa Kiswahili hiki, ambacho nilijifunza mgongoni mwa nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mkali kuliko mimi. Alfajiri alitupa uji wa wimbi uliochacha, akatufunga vikapu vya kiondo viunoni, na tukaingia shambani umande ukitulowesha hadi mapajani. Tulichuma matunda mekundu pekee. Mtoto akigusa la kijani, nyanya alisema, "Liache hilo, bado linanyonya." Mchana harufu tamu ya maganda yaliyomenywa ilitufuata kila mahali, hata katika maziwa. Na baada ya mvua ya kwanza ya msimu, mibuni yote ilichanua usiku mmoja, tukaamka na kukuta shamba jeupe, likinukia hata mbwa wakapiga chafya. Sijawahi kuona harusi iliyopambwa vizuri zaidi ya hapo, ingawa harusi nitakayoisimulia ilinifurahisha zaidi.

Kahawa iliyooshwa ilianikwa juu ya meza ndefu za waya karibu na kiwanda. Hapo ndipo hofu yetu ilipokaa. Kahawa iliyokaribia kukauka ikinyeshewa huvunda, na kahawa iliyovunda haina mnunuzi. Kwa hiyo kulikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti wa mgrivilia. Kikigongwa polepole, kilituita kazini. Kikigongwa haraka haraka, maana yake ilikuwa mvua, na hapo sheria ilikuwa moja: kila mtu aache alilonalo, akimbie mezani, avute nailoni na kufunika. Hukuchagua meza. Nyanya alisema, "Mvua haiulizi kahawa ni ya nani." Nimewaona watu wakiacha ugomvi katikati ya tusi, wakafunika, kisha wakarudi kulimalizia tusi lao.

Basi mwaka wa mavuno ya kwanza yaliyokuwa yetu wenyewe, shangazi yangu aliposwa na kijana kutoka machimbo ya mawe upande wa Juja. Siku ya harusi meza zilijaa kahawa ya mwisho, nayo ndiyo iliyokuwa karo yetu, mabati yetu na chumvi yetu. Anga lilikuwa safi. Wageni walifika kwa lori wakiimba, akina mama wetu wakawafungia lango na kuwajibu kwa nyimbo za kejeli, hadi wakaruhusiwa kuingia. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye kilemba, aliyetazama kila kitu kama anayetafuta ufa.

Ukafika wakati wa kumchagua bibi harusi. Wasichana walipangwa mstarini, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, na shangazi yangu miongoni mwao. Bwana harusi alipaswa kumtambua. Akikosea, angetoa mbuzi, na angechekwa hadi awe babu. Alizunguka mara ya kwanza, jasho likimtoka. Akainama kutazama miguu.

"Miguu yote ni ya kahawa, wewe!" jirani yetu akamwambia. "Utachagua hadi jioni!"

Chuma kikalia. Haraka haraka.

Hakuna aliyetazama juu. Mstari wa leso uliondoka kama kuku walioona mwewe. Wapishi wakaacha sufuria, mwalimu akainua suruali yake nzuri, nyanya akatupa kibuyu cha muratina, pombe yetu ya asali, ambacho alikuwa akikimimina kwa taratibu takatifu. Wageni walibaki uwanjani peke yao.

"Haiya! Harusi inakimbia?" shangazi wa bwana harusi akauliza.

"Ni mvua, mama!" jirani akamjibu akipita mbio.

"Mvua? Sisi watu wa mawe hatujawahi kukimbia mvua!"

"Mawe hayavundi! Shika nailoni!"

Hakushika. Alitangaza kwa sauti kwamba bibi harusi hafunuliwi kabla ya kuchaguliwa, kwamba wametukanwa, na kwamba watu wake wapande lori warudi kwao. Nilimsikia vizuri, kwa maana nilikuwa chini ya meza ya karibu nikifunga kamba. Nikatazama meza ya mwisho. Upepo ulikuwa umechukua nailoni yake. Shangazi yangu alikuwa amevua leso yake na kuitandaza juu ya kahawa, huku ncha ya pili ikipeperuka asiweze kuifikia. Wenzake nao wakaanza kuvua zao. Hapakuwa tena na cha kuchagua. Kila uso ulikuwa wazi na umelowa.

Yule kijana alimtazama shangazi yake, akatazama lori, kisha akakimbia. Hakujua kufunika. Alikanyaga matope, akaanguka, akainuka, akaishika ile ncha iliyokuwa ikipeperuka na kuilalia kwa kifua chake cha suti. Wakabaki hivyo, yeye ncha hii, shangazi yangu ncha ile, wakitazamana juu ya kahawa yetu huku mvua ikiwapiga.

Nyanya akatembea hadi kwa yule mama mrefu, maji yakimtiririka kidevuni.

"Amechagua," akasema. "Au wewe umeona akishika ncha ya mwingine?"

Yule mama aliitazama ile meza ya mwisho. Kisha akafungua kilemba chake, kitambaa kizuri kilichonunuliwa kwa Mhindi wa Thika, akakitandaza mahali palipokuwa na uwazi. "Na mbuzi tusimtoe," akasema. Watu walicheka hadi mvua ikakatika. Kahawa ilipona. Tulikula wali uliogandamana, na mwaka ule githeri yetu ikapata chumvi.

Mibuni imeng'olewa. Watoto wa chama waliuziana vipande, na mawe yaliyojenga ghorofa hizi yalitoka katika machimbo yaleyale. Sililii hilo, kwa maana watu lazima walale mahali. Ninachokikosa ni kile chuma.

Jana wingu lilirudi. Nilipanda na sufuria na mwiko, nikaigonga haraka haraka pale mlangoni pa ngazi. Milango ilifunguka ghorofa zote, watu wakiuliza kama ni moto. "Ni mvua!" nikawaambia. "Pandeni!" Walipanda wakicheka, kila mtu akavuta kilichokuwa karibu naye. Yule aliyeniambia juzi kwamba si zake alishuka amekumbatia nepi za mtoto wa jirani hadi kidevuni. Sikumsifu. Kwetu hakuna aliyesifiwa kwa kufunika. Alipewa tu ncha ya pili ashike. Nikampa ncha ya shuka, tukaikunja pamoja.